Nyumba za Ukoo wa Sayyid Said: Simulizi ya Safari ya Unguja, Julai 2019

Jumatatu, Mji Mkongwe

Kilichonileta Unguja ni nyumba ambayo haikaliki tena. Kasri la Mtoni, lililoko ufukweni kaskazini mwa mji, ndilo kongwe kuliko makasri yote ambayo Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na warithi wake walijijengea kisiwani, na ndilo ambalo maisha ya ndani yake yaliandikwa na mtu aliyezaliwa humo. Mtu huyo ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, na ambaye mwaka 1886, akiwa mjane nchini Ujerumani na akiitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Nimezisoma kumbukumbu hizo mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote cha historia ya pwani, na kila nikizisoma hunijia swali lile lile: nyumba hizi zilikuwa za nani hasa, na zilitokaje mkononi mwa mmoja zikaingia mkononi mwa mwingine? Nimeamua kuzifuata kwa mpangilio wa kukaliwa kwake, si kwa mpangilio wa kitabu cha watalii.

Boti kutoka Dar es Salaam ilitia nanga Malindi kabla ya adhuhuri. Nimefikia Mkunazini, katika nyumba ya bibi mmoja ambaye ni mtu wa makamo ya juu na ambaye amekaa humo tangu alipoolewa. Baada ya kupokea shikamoo yangu na kuniuliza habari za nyumbani, alinipandisha darini ili nione jinsi nyumba ya mawe inavyougua. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zinazoamua upana wa chumba, kwa kuwa mti wa mkoko haurefuki kuliko ulivyoumbwa. Ndiyo maana vyumba vya mji huu, hata vya matajiri, ni virefu na vyembamba. Maji ya mvua yakipata ufa juu ya paa hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulegea, ncha za boriti huoza mahali zilipoingia ukutani, kisha dari huanguka ghafla bila kutoa dalili kwa aliye chini. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba hizi haziui kwa uzee, zinaua kwa kuachwa." Niliyaandika maneno hayo kwa sababu karibu kila kitu nilichokusudia kukiona wiki hii ni nyumba iliyoachwa.

Jumanne, Mtoni

Daladala ya Bububu hupita barabara ya pwani, na kutoka mjini hadi Mtoni si mwendo mrefu. Kasri liko chini ya barabara, karibu kabisa na maji, na kijito kilichoipa sehemu hii jina bado kinatiririka kuelekea baharini. Kuta zilizobaki zimesimama bila paa. Kazi ya uhifadhi iliyofanywa hapa katika miaka ya karibuni imezizuia zisiendelee kubomoka na imeufungua ua wa kati, kiasi kwamba mgeni mwenye subira anaweza kupambanua mahali pa ngazi, mahali pa mabafu na upande wa bahari.

Ardhi yenyewe haikuwa ya Sayyid Said tangu mwanzo. Kabla yake Mtoni ilikuwa mali ya Saleh bin Haramil al-Abry, mfanyabiashara wa Kiarabu anayetajwa kuwa ndiye aliyeileta mikarafuu Unguja kutoka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Sayyid Said alipofika kutoka Maskati mwaka 1828 na kuiona faida ya zao hilo, hakuchelewa kuyatwaa mashamba ya Saleh, na kasri likajengwa kati ya mwaka huo na 1834. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ya ukoo huu haikununuliwa wala haikurithiwa. Ilianza kwa kunyang'anywa, na nimeona heri niliseme hilo hapa mapema kwa sababu waandishi wengi hupita juu yake haraka ili wafike kwenye tausi na michungwa.

Tausi na michungwa navyo vilikuwapo kweli. Salme anaeleza ua mpana ambamo swala, tausi, mbuni, bata na korongo walizunguka huru, na mabafu yaliyopangwa safu upande wa pili wa ua, na njia ya michungwa iliyotia kivuli kati ya mabafu na nyumba. Anakadiria kwamba watu wapatao 1,000 waliishi humo, ukijumlisha familia, masuria, watumishi na watumwa. Aliyekuwa na amri juu ya wote hao, mwenye nyumba akiwapo na asipokuwapo, alikuwa Azza binti Seif, mke wa nikaha aliyetoka Oman, mwanamke mdogo wa umbo ambaye watoto wa masuria walimwogopa na hawakumpenda. Upande wa bahari palikuwa na roshani kubwa ya mviringo yenye paa la mbao zilizopakwa rangi. Humo Sayyid Said alikunywa kahawa na watu wake, na humo alitembea huku na huko akiwa ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyomkaa pajani tangu vita vya ujana wake.

Nilikaa muda mrefu upande huo wa bahari. Jambo ambalo kumbukumbu za Salme hufanya vizuri kuliko hati yoyote ya serikali ni kutuonyesha mtawala akiwa mtu wa nyumbani, na watoto wakijifunza kupanda farasi na punda asubuhi na jioni, na darasa ambalo mabinti walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao wa shule. Ujuzi huo alioupata kinyume cha desturi ndio uliomponza baadaye, na ndio unaotuwezesha sisi leo kuingia katika nyumba isiyo na paa tukajua nani alikaa wapi.

Lakini kumbukumbu hizo zina ukuta wake. Salme aliutetea utumwa wa Waarabu na kuuona kuwa wa upole, na watu waliochoma chokaa ya kasri hili, waliobeba mawe yake, waliochota maji ya mabafu yale na kuchuma karafuu zilizolipia vyote hivyo, wanapita katika kurasa zake bila historia zao wenyewe. Nimetafuta majina yao kwa miaka mingi kwa sababu naamini kwamba nao walikuwa watu wa nyumba hii. Anayeandika habari za wenye Mtoni akawaacha wao hajaandika nusu ya habari.

Jumatano, Kizimbani na Kidichi

Kutoka pwani barabara hupanda taratibu kuelekea mashambani. Ni msimu wa karafuu, na mbele ya nyumba nyingi majamvi yametandikwa na karafuu zimeanikwa, zile za jana zimeanza kuwa kahawia na zile za leo bado zina kijani. Harufu yake inafika barabarani kabla ya majamvi yenyewe kuonekana.

Kizimbani nako kulikuwa kwa Saleh bin Haramil, na nako kulitwaliwa na Sayyid Said. Hapa ndipo mahali panapohesabiwa kuwa miongoni mwa mashamba ya kwanza ya mikarafuu kisiwani, na hadi leo ni eneo la utafiti wa kilimo. Baada ya kifo cha baba yake Salme alirithi mashamba yake mwenyewe, na Kizimbani ilikuwa moja ya sehemu hizo. Sheria ya Kiislamu ilimpa fungu lake kama binti, na alipotangazwa kuwa amebaleghe akiwa na umri wa miaka 12 tu, alikabidhiwa mali yake aiangalie. Nalitaja hili kwa sababu wasomaji wengi humwona kama binti aliyefungiwa ndani, ilhali alikuwa mwenye mashamba aliyehesabu mavuno yake.

Kidichi haiko mbali. Hamamu lililoko kilimani lilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrazad, mke wa Kiajemi wa Sayyid Said na mjukuu wa Shah Fath-Ali. Bado lina mabirika yake, chumba cha kubadilishia nguo na kuba zinazoingiza mwanga, na juu ya kuta zake kumebaki mapambo ya chokaa yaliyochongwa kwa mtindo wa Uajemi, yakiwa na maua na ndege. Mapambo hayo ni ya kustaajabisha kwa nyumba ya mtawala wa Kiibadhi, yaani wa madhehebu ya Kiislamu ya Oman, watu ambao misikiti yao na makazi yao yalijulikana kwa kutopenda madoido. Salme anamweleza Shahrazad kuwa mwanamke aliyependa kuwinda na kupanda farasi waziwazi, aliyevaa kama alivyovaa kwao na ambaye hakujali watu wa nyumbani walisema nini. Hakupata mtoto, ndoa ilivunjika kwa talaka, na akarudi Uajemi. Hamamu limebaki. Katika majengo yote niliyoyaona wiki hii ndilo pekee ambalo mjengaji alilijenga kwa kumfuata mke na si kwa kumtaka mke alifuate.

Alhamisi, Bububu na Shangani

Sayyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856 akirudi kutoka Maskati, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiacha watoto 36. Mwanawe Barghash alikuwamo merikebuni. Aliwahi kufika nchi kavu usiku, akamzika baba yake kimyakimya na kujaribu kuutwaa mji kabla ya kaka yake Majid kupata habari, lakini jaribio hilo halikufaulu. Majid akawa sultani wa Unguja, ndugu yao Thuwaini akabaki na Oman, na kile kilichokuwa nyumba moja yenye malango mawili ya bahari kikagawanywa rasmi mwaka 1861 kwa uamuzi wa Waingereza, Unguja ikitakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Mgawanyiko ulishuka hadi ndani ya nyumba. Mwaka 1859 Barghash alimwasi Majid, na Salme, ambaye alikuwa kipenzi cha Majid na aliwahi kulelewa nyumbani kwake, alivutwa na dada yake Khole akaingia upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa ndiye mwandishi wa barua za uasi akiwa na umri wa miaka 15. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa akiwa amejifunika nguo za kike, akaenda kwenye shamba la kisiwani lililoitwa Marseille, ambako alishindwa na askari wa Majid wakisaidiwa na Waingereza. Alipelekwa Bombay. Khole na Salme walibaki wakitazamwa kwa jicho baya na ndugu wa pande zote.

Salme alikwenda kukaa Kizimbani, kisha akakodi nyumba Bububu, karibu na bahari. Leo Bububu ni mji mdogo wenye pilikapilika za daladala na soko, na nilipita haraka kwa sababu hakuna nyumba ninayoweza kuinyooshea kidole nikasema kwa uhakika kwamba ndiyo ile. Kilicho hakika ni kilichofuata. Balozi mpya wa Uingereza aliitaka nyumba hiyo iwe makazi yake ya shamba, Majid akamwomba dada yake aiachie, naye akakubali ili apatane na kaka yake. Akarudi mjini. Nyumba aliyohamia ilipakana na ya mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, ambaye paa lake bapa lilikuwa chini kidogo ya madirisha ya Salme.

Jioni nilitembea Shangani, mtaa wa mabalozi na wafanyabiashara wa kigeni wa wakati ule, nikitazama jinsi nyumba zinavyokaribiana hata mtu wa dirisha moja aweze kusikia mazungumzo ya baraza ya jirani. Hakuna jambo la ajabu katika yaliyotokea ukiufahamu ujenzi wa mtaa huu. Tarehe 24 Agosti 1866 Salme, akiwa mjamzito, alipanda manowari ya Kiingereza Highflyer na kuondoka. Alibatizwa na kuolewa na Ruete huko Aden siku moja, tarehe 30 Mei 1867. Mumewe alifariki Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akimwachia watoto watatu wadogo.

Ijumaa, Maruhubi

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda Maruhubi, kati ya mji na Mtoni. Barghash aliyarithi madaraka mwaka 1870 Majid alipofariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 alilijenga kasri hili kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Liliungua mwaka 1899. Ghorofa ya juu ilikuwa ya mbao, hivyo moto haukubakisha kitu isipokuwa nguzo nzito za mawe zilizoibeba roshani, hamamu lenye kuba, na birika ambalo sasa limejaa mayungiyungi.

Mzee mmoja aliyekuwa akitia kalafati mashua ufukweni alinionyesha mahali mfereji wa maji ulipopita. Nilimwuliza kama wazee wake walikuwa na habari za watu waliofanya kazi humo. "Wa kwetu walikuja hapa kuchota maji," alijibu, "ndani hawakuingia." Barghash alijaliwa akili ya maji. Yeye ndiye aliyeyavuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, na kwa wananchi wa kawaida naona kazi hiyo ilikuwa na thamani kuliko makasri yake yote kwa pamoja.

Jumamosi, Beit al-Sahel

Nyumba ya mwisho ni ile ya Forodhani, ambayo leo ni Makumbusho ya Kasri. Sayyid Said alikuwa na Beit al-Sahel mjini kama alivyokuwa na Mtoni shambani, na watoto walihama kati ya nyumba hizo mbili. Barghash aliongeza pembeni Beit al-Hukm na, mwaka 1883, Beit al-Ajaib yenye nguzo za chuma na taa za umeme, akayaunganisha majengo hayo kwa wikio ili watu wa ndani wapite juu bila kushuka barabarani.

Kwenye mlango wa nyumba hii ndipo Salme alipokataliwa. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, serikali ya Bismarck ikiyatumia madai yake ya urithi kumbana Barghash, ambaye hakukubali kumwona dada aliyewahi kuhatarisha maisha yake ili kumwokoa. Aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu, na kwa hoja hiyo mafungu ya ndugu waliokufa tangu alipoondoka yalimpita. Ujerumani nayo ilipopata ilichokitaka bara ikamwacha. Alijaribu tena mwaka 1888 bila mafanikio. Siwezi kuisoma sehemu hiyo bila kuona uchungu, ingawa naelewa kwamba Barghash, akiwa na mizinga ya kigeni mbele ya madirisha yake, hakuwa na nafasi ya kuwa kaka tu.

Mizinga ilifyatuliwa kweli miaka minane baada ya kifo chake. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid, mwana wa Barghash, aliingia kasrini na kujitangaza bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, muda waliompa ulipokwisha saa tatu, manowari zilianza kupiga. Haikufika saa moja Khalid amekwisha kukimbilia ubalozi wa Ujerumani, na watu wapatao 500 wa upande wake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliharibika isijengeke tena, mnara wa taa ulianguka, na Beit al-Sahel ikabomolewa kiasi kwamba kasri tunaloliona sasa ni jengo la baada ya mapigano.

Ndani, vyumba vimepangwa kwa vipindi vya watawala, na kimoja kimetengwa kwa ajili ya Salme. Nilifurahi kumwona amepewa chumba katika nyumba ambayo haikumfungulia mlango, ingawa nilichokaa nacho muda mrefu zaidi ni ghorofa ya juu, ya Khalifa bin Harub aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Fanicha zake ni za miaka ya 1950, makabati ya fomaika ya aina iliyokuwa ya kisasa wakati huo, na zinaonyesha nyumba iliyokwisha kupoteza mamlaka yake karibu yote lakini bado inakaliwa na watu waliolala, waliokula na waliopokea wageni humo. Nyuma ya ukuta kuna makaburi ya Makusurani, ambako Sayyid Said, Majid na Barghash wamezikwa pamoja, waliopatana na waliopigana.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyekuwa ametawala miezi michache, aliondoka kwa meli, kasri likaitwa Kasri la Wananchi, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu siku ile mwenye nyumba ni serikali.

Nyongeza

Nilipokuwa Unguja, Beit al-Ajaib ilikwisha kufungwa kwa wageni, kwa kuwa sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa wa jengo uliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Nilimpigia simu bibi wa Mkunazini usiku huo kumpa pole. Aliniambia kwamba mshindo wake aliusikia akiwa nyumbani kwake, na kwamba kwa wiki nzima iliyofuata majirani walikuwa wakipanda juu ya mapaa yao kukagua nyufa.

Salme alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924 na kuzikwa Hamburg karibu na mumewe. Jamshid aliishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, na akafariki huko Maskati mwezi Desemba 2024, katika nchi ambayo baba wa ukoo wake aliondoka kuja Mtoni.